SOMO LA TAWI: KUCHAGUA VIATU VYA MBIO



Katika somo la safari hii tumechagua jambo ambalo baadhi yenu mtaliona dogo: namna ya kuchagua viatu vya kukimbilia. Tumelichagua kwa sababu katika kila tawi wako wanachama wanaokimbia. Wapo wanaofanya mazoezi alfajiri kabla ya zamu. Wapo wanaowakilisha kiwanda au idara yao katika michezo ya wafanyakazi. Wapo pia walioshauriwa na daktari wafanye mazoezi kwa ajili ya uzito au shinikizo la damu. Wengi wao hununua viatu kwa fedha zao wenyewe, tena hununua kwa kubahatisha.

Kubahatisha huko kuna hasara mbili. Ya kwanza ni fedha, maana kiatu kibaya hutupwa upesi na kingine kikatafutwa. Ya pili ni mguu wenyewe. Mpakiaji wa magunia, muuguzi, mlinzi wa lango na fundi anayesimama mbele ya mashine kutwa nzima, wote hao hula kwa miguu yao. Kibarua wa kutwa akivimba kifundo cha mguu, siku asiyokwenda kazini ni siku isiyo na ujira. Kwa hiyo anayelinda mguu wake analinda chombo chake cha kazi.

Fundisho la somo hili ni moja, na tunaomba mlishike tangu sasa: kiatu kinachofaa ni kile kinachoukaa vizuri mguu wako wewe, kwa kazi uliyokinunulia. Bei, jina la kampuni na maneno ya muuzaji huja baadaye.

1. KIATU CHA MBIO NA SEHEMU ZAKE

Mtu anapokimbia, kila hatua huushukia mguu mmoja kwa nguvu inayozidi mara mbili ya uzito wa mwili wake. Katika kilometa moja hatua hizo ni mamia kwa mamia. Kiatu hakiondoi nguvu hiyo. Kazi yake ni kukinga wayo usichubuke wala kuchomwa, kushika ardhi usiteleze, na kulainisha kidogo pigo la kukanyaga.

Kiatu cha mbio kina sehemu tano za kuangalia.

(a) Soli ya chini, ambayo kwa kawaida ni ya mpira mgumu. Hii ndiyo inayogusa ardhi.

(b) Soli ya kati, ambayo ni ya sponji. Hii ndiyo roho ya kiatu. Ikishabonyea moja kwa moja, kiatu kimekwisha hata kama juu bado kinang'aa.

(c) Soli ya ndani, yaani kile kipande chembamba kinachokaa chini ya wayo. Katika viatu vingi kinatolewa na kurudishwa.

(d) Sehemu ya juu, ya kitambaa au wavu, pamoja na ulimi na kamba. Hii huushika mguu.

(e) Kikombe cha kisigino, yaani sehemu ngumu inayozunguka kisigino kwa nyuma.

Raba za turubai zenye soli nyembamba ya mpira, ambazo wengi wetu tulivaa shuleni, hazina soli ya kati ya namna hii. Zinafaa kwa kutembea na kwa michezo mifupi. Mtu aliyezizoea anaweza kuzikimbilia, lakini asiyezizoea asianze nazo kwa mbio ndefu.

2. KUPIMA MGUU

Usiende dukani wala sokoni bila kuujua mguu wako. Pima nyumbani kwa njia hii.

Weka karatasi sakafuni, simama juu yake kwa miguu yote miwili, kisha mwombe mwenzako achore kuzunguka kila wayo, penseli ikiwa imesimama wima. Fanya hivyo jioni, baada ya kazi, kwa sababu miguu huvimba kidogo kadiri siku inavyokwenda, na pia huvimba wakati wa kukimbia. Vaa soksi zile utakazokimbilia. Pima kwa rula kutoka kisigino hadi ncha ya kidole kirefu kuliko vyote. Kwa watu wengine kidole hicho ni cha pili, wala si kile kikubwa. Pima pia upana mahali mguu ulipo mpana zaidi.

Utaona kwamba miguu miwili haifanani sawasawa. Nunua kwa kufuata mguu mkubwa. Mguu mdogo unaweza kusaidiwa kwa kukaza kamba au kwa soksi nene, lakini mguu mkubwa hauwezi kupunguzwa.

Kata michoro hiyo miwili, uichukue unapokwenda kununua. Ni kipimo kisicho na gharama, tena hakidanganyi.

3. NAMBA ZA VIATU

Wengi husema, "Mimi navaa namba nane," na kuishia hapo. Lakini namba nane ya nani? Kiatu kimoja kinaweza kuandikwa namba tatu au nne tofauti kwenye kibandiko cha ulimi. Namba ya Ulaya huongezeka moja kwa kila theluthi mbili za sentimeta. Namba ya Uingereza huongezeka moja kwa kila theluthi ya inchi, yaani karibu milimeta 8 na nusu. Namba ya Marekani kwa viatu vya wanaume huzidi ile ya Uingereza kwa karibu moja, na ile ya viatu vya wanawake ni tofauti tena. Viatu vingine huonyesha pia urefu wa mguu kwa sentimeta, na hiyo ndiyo rahisi kulinganisha na rula yako.

Zaidi ya hayo, viwanda havikubaliani. Namba 42 ya kiwanda kimoja inaweza kubana, na 42 ya kingine ikapwaya. Kwa hiyo namba itumike kutafutia tu. Kuamua ni kazi ya mguu.

Akina mama wanaokimbia mara nyingi huuziwa viatu vya wanaume kwa sababu ndivyo vilivyojaa sokoni. Si kosa kuvivaa kama vinakaa vizuri. Lakini mara nyingi mguu wa mwanamke ni mwembamba zaidi kisiginoni, na kiatu cha mwanamume hupwaya hapo nyuma. Mtazame kisigino kwa makini.

4. KUJARIBU KABLA YA KULIPA

Wazee walisema siri ya kiatu aijuaye ni mvaaji. Basi vaa viatu vyote viwili, funga kamba, simama, kisha angalia mambo haya:

Kwanza, mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono. Vidole vikigonga mbele, kucha zitakuwa nyeusi na kung'oka, hasa mkimbiaji anapoteremka mlima.

Pili, vidole viweze kutanuka na kucheza. Kiatu kisibane pande zote mbili za mguu.

Tatu, kisigino kisipande na kushuka ndani ya kiatu unapotembea. Kisigino kinachocheza huleta malengelenge.

Nne, kiatu kikunjike mahali vidole vinapokunjika, wala si katikati ya wayo.

Tano, ingiza mkono ndani upapase. Mshono uliovimba au gundi iliyoganda utakutoboa ngozi katika kilometa ya tatu.

Kisha omba ruhusa ukimbie hatua ishirini au thelathini. Muuzaji mwenye bidhaa nzuri hakatai. Akikwambia, "Chukua tu, kitalegea kwa kuvaa," msimwamini. Kiatu cha ngozi hulegea kidogo kwa kuvaliwa. Kiatu cha mbio kinachoumiza dukani kitaumiza barabarani.

5. HABARI YA UPINDE WA WAYO

Kwa miaka mingi wakimbiaji wamefundishwa kulowesha wayo maji na kukanyaga karatasi. Alama ikijaa yote, wayo ni bapa na mtu huuziwa kiatu kigumu cha kuzuia mguu usilalie ndani. Alama ikiwa nyembamba katikati, wayo una upinde mkubwa na mtu huuziwa kiatu laini. Fundisho hili limeuza viatu vingi vya bei kubwa.

Jeshi la Marekani lililijaribu kwa maelfu ya askari wapya, na matokeo yakachapishwa mwaka 2009 na 2010. Kundi moja lilipewa viatu kwa kufuata umbo la wayo, na kundi jingine likapewa aina moja ya kiatu bila kujali umbo. Ilipofika mwisho wa mafunzo, wale waliochaguliwa viatu kwa umbo la wayo hawakuwa wamepungukiwa na majeraha kuliko wenzao. Mwaka 2022 wataalamu walikusanya majaribio 12 ya viatu vya mbio, yenye washiriki zaidi ya 11,000, wakaona vilevile kwamba hakuna ushahidi wa kutosha kuwa kumpangia mtu aina ya kiatu kwa umbo la mguu wake kunamkinga na majeraha.

Hiyo haina maana kwamba kiatu chochote ni sawa. Maana yake ni kwamba hesabu ya muuzaji haiwezi kushinda hisia ya mguu wako. Wataalamu kadhaa wa mwendo wa mwili sasa wanashauri jambo jepesi: kati ya viatu vinavyokutosha, chagua kile unachosikia raha zaidi unapokimbia. Mwenye maumivu ya muda mrefu, au mwenye kisukari kilichopunguza hisia za miguu, asitegemee shauri hili peke yake. Amwone mganga kwanza.

6. VIATU VYA MTUMBA

Tuseme kweli: wengi wetu hatununui katika maduka yenye vioo. Tunanunua Owino pale Kampala, au katika masoko kama hayo katika miji yetu. Kiatu cha mtumba kinaweza kuwa kizuri kuliko kipya cha bandia, lakini sharti ukikague kama fundi anavyokagua mashine iliyotumika.

Viweke viatu vyote viwili mezani, uvitazame kwa nyuma. Vikilalia upande mmoja, viache. Soli ya kati imebonyea kwa mwendo wa mwenyewe wa kwanza, na mguu wako utalazimishwa kuufuata.

Geuza, uangalie soli ya chini. Kama mpira umelika hadi sponji inaonekana, hicho kimemaliza kazi yake.

Bonyeza sponji ubavuni kwa kidole gumba. Ikiwa imekakamaa kama ubao, au ina mikunjo mingi iliyoganda, haina tena ulaini. Viatu vilivyokaa ghalani miaka mingi huharibika hata kama havikuvaliwa, maana gundi hukauka na sponji hukakamaa.

Vuta kwa nguvu ncha ya mbele kati ya soli na kitambaa. Gundi ikiachia hapo sokoni, itaachia barabarani. Wauzaji wengine hupaka gundi mpya na rangi juu ya kiatu kilichochoka, kwa hiyo msipendezwe na weupe peke yake. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Toa soli ya ndani, uikanyage kwa wayo wako au uilinganishe na mchoro wako wa karatasi. Vidole vikifika ukingoni, au wayo ukimwagika pembeni, kiatu hicho si chako hata muuzaji akipunguza bei nusu. Mwisho, hakikisha kiatu cha kulia na cha kushoto ni namba moja. Wengi wamefika nyumbani na viatu viwili visivyo ndugu.

7. BINGWA SI KIPIMO CHAKO

Vijana wengi hutaka kiatu alichovaa bingwa, na wengine husema kinyume chake, kwamba mabingwa wetu walianza pekupeku na kwa hiyo viatu ni anasa. Tuangalie mambo yalivyokuwa.

Abebe Bikila, askari wa Ethiopia, alishinda mbio za marathoni za Olimpiki mjini Roma tarehe 10 Septemba 1960 bila viatu, kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16. Viatu alivyopatiwa havikumkaa vizuri, naye alikuwa amezoea kufanya mazoezi pekupeku, kwa hiyo akaviacha. Mwaka 1964 mjini Tokyo alishinda tena, safari hii akiwa amevaa viatu, kwa saa 2, dakika 12 na sekunde 11. Mtu huyohuyo aliviacha viatu vilipomkataa, akavivaa vilipomkubali. Aliusikiliza mguu wake mara zote mbili.

Anayetaka kukimbia pekupeku akumbuke kwamba waliofaulu walikulia hivyo tangu utoto. Wayo uliozoea viatu ukivuliwa ghafula, misuli ya muundi na mifupa ya mguu huumia. Tena njia zetu zina misumari, vioo na funza.

Kwa upande wa pili, tangu mwaka 2017 vimeuzwa viatu vyenye sponji nene nyepesi na kibao kigumu cha nyuzi za kaboni ndani yake. Ni kweli kwamba vinasaidia mwendo, hata Shirikisho la Riadha Duniani likaweka kanuni mwaka 2020 kwamba kwa mbio za barabarani soli isizidi unene wa milimeta 40 wala kuwa na kibao zaidi ya kimoja. Lakini vimeundwa kwa siku ya mashindano, bei yake ni kubwa mno kwa mshahara wa mfanyakazi, na vingi huchoka mapema. Anayekimbia mara tatu kwa juma kwa afya yake hana haja navyo.

Tukumbuke pia kwamba John Akii-Bua, aliyeshinda mbio za kuruka viunzi za meta 400 huko Munich mwaka 1972 kwa rekodi ya dunia ya sekunde 47.82, alikuwa polisi wa Uganda. Stephen Kiprotich, aliyeshinda marathoni ya Olimpiki mjini London mwaka 2012, alikuwa askari magereza. Wote wawili walikuwa watu wa kazi, nao walikuwa na mwajiri. Jambo hili tutalirudia hapo mbele.

8. KUTUMIA NA KUTUNZA

Viatu vipya visivaliwe kwa mara ya kwanza siku ya mashindano. Anza kwa mwendo mfupi, uongeze kidogo kidogo. Majeraha mengi ya wakimbiaji hutokana na kuongeza mwendo kwa haraka, na hakuna kiatu kinachoponya haraka hiyo.

Mwenye uwezo wa kuwa na jozi mbili azibadilishe. Utafiti uliofanywa Luxembourg kwa wakimbiaji 264, waliofuatiliwa kwa majuma 22, ulionyesha kwamba waliobadilisha jozi walikuwa na hatari ya kuumia iliyo ndogo kwa asilimia 39 kuliko waliotumia jozi moja. Huenda wakimbiaji hao walitofautiana kwa mambo mengine pia, lakini shauri lenyewe halina madhara, na kila jozi hupata muda wa kukauka. Jozi mbili imara za mtumba zinaweza kukufaa kuliko moja ya fahari.

Fungua kamba kabla ya kuvua, usikanyage kisigino. Osha kwa mkono, kwa maji baridi na sabuni kidogo. Kausha kivulini ukiwa umejaza karatasi za gazeti ndani. Usiviweke karibu na jiko wala juani kutwa, maana joto huharibu gundi na sponji. Kwa kawaida husemwa kwamba kiatu cha mbio hudumu kilometa 500 hadi 800. Anayekimbia kilometa 20 kwa juma atazimaliza 500 kwa miezi sita hivi. Maumivu mapya ya goti au muundi yakianza bila sababu nyingine, kagua viatu kwanza.

9. KIATU CHA MBIO NA KIATU CHA KAZI

Hapa tunatoa onyo. Baadhi ya wanachama huvaa raba kazini kwa sababu ni nyepesi. Katika karakana, ghala, machimbo na ujenzi kiatu cha mbio hakikingi kitu. Kitambaa chake hakizuii msumari, mafuta ya moto wala chuma kinachoanguka. Huko kinatakiwa kiatu kigumu chenye ncha ya chuma.

Na kiatu hicho cha kazi si mzigo wa mfanyakazi. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema katika kifungu cha 21 kwamba hatua za usalama na afya kazini zisimgharimu mfanyakazi. Mwaka 2022 shirika hilo liliuingiza mkataba huo katika mikataba yake ya msingi. Mfanyakazi anayekatwa mshahara kwa ajili ya buti za usalama alete habari hiyo tawini.

Viatu vya michezo havimo katika mkataba huo, lakini hoja yake ni rahisi kuitetea mezani. Timu inapokimbia kwa jina la kiwanda, na jina hilo likaandikwa kifuani, haki ni kwamba kiwanda kitoe fulana pamoja na viatu vya kukimbilia. Katibu wa tawi anayekwenda kuzungumza na mwajiri aende na orodha ya majina na vipimo vya miguu kwa sentimeta, si ombi la jumla. Viatu vinavyonunuliwa kwa kukisia huishia stoo, na mwajiri hupata sababu ya kukataa safari ya pili. Mahali ambapo mwajiri amekataa, wanachama wanaweza kuchanga na kununua kwa pamoja. Anayenunua jozi ishirini hupunguziwa bei kuliko anayenunua moja.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA TAWINI

1. Wanachama wangapi wa tawi letu wanakimbia, na wangapi wamekwisha kupima miguu yao?

2. Lete jozi tatu za viatu vilivyotumika. Zikagueni pamoja mkifuata sehemu ya 6. Ni ipi inafaa bado, na kwa sababu gani?

3. Mwenzetu ana fedha za jozi moja tu, naye anahitaji buti za kazi na viatu vya mbio. Ni kipi anunue kwa fedha yake, na ni kipi adai?

4. Je, mwajiri wetu huitolea timu yetu nini? Andikeni vipimo vya kila mchezaji, mkampe katibu kabla ya mkutano ujao.